Kidole cha Balikowa

Jumapili wameiziba Barabara Kuu kwa mapipa mawili na kamba.
Gari haliingii. Bodaboda wanazunguka nyuma wakinung'unika,
na sisi tunapita katikati ya lami, polepole,
kama watu waliorithi kitu wasijue wakiweke wapi.

Mimi natembea upande wa kivuli, shingo juu.
Natafuta mwaka.

Maana kila jengo la Jinja lina mwaka wake kifuani,
1919, 1924, 1936,
umechongwa kwa saruji pamoja na jina la mwenye duka,
na yungiyungi, na tausi aliyekatika shingo.
Mwenye duka aliondoka na sanduku moja.
Mwaka ulibaki. Mwaka hauulizwi pasi.

Chini, vibarazani, watu wana shughuli zao.
Kauda anavunja mayai mawili kwa mkono mmoja,
anayaviringisha ndani ya chapati, mkono wa pili unadai chenji.
Kijana wa Kizungu ametoka kugaragazwa na Nile,
nywele bado zinadondosha mto,
anacheka kama mtu aliyezaliwa leo saa nne asubuhi.
Fenesi limepasuliwa juu ya toroli;
nyuki wamefika kabla ya wateja.
Na fundi Isabirye, ambaye cherehani yake haijui Jumapili,
anashona bendera ndogo ndogo za nchi asizozijua,
anauliza tu: nyekundu inakaa juu au chini?

Babu yangu Balikowa alibeba karai mtaa huu.
Hakutuachia shamba. Alituachia hadithi, tena fupi:
kwamba siku ya kuweka mwaka, saruji ikiwa mbichi,
msimamizi alipogeuka kuwasha sigara,
yeye alitia kidole gumba ndani ya saba.
Jina hakuweka; kuandika hakujua.
"Nilitia kidole," alisema, "kama mtu anayeonja uji."

Baba hakuamini. Baba alikuwa askari,
ndiye aliyenipa Kiswahili hiki cha kambini,
kinachokakamaa kwanza ndipo kiseme.
"Saruji ina matundu mengi," alisema baba,
akarudi kung'arisha buti.

Saba ya kwanza imefunikwa na bango la simu.
Saba ya pili wameipaka rangi ya embe bivu
ili hoteli ipendeze; imepakwa, ikapakwa tena,
sasa imenona, haina hata mkunjo.
Saba ya tatu iko juu ya duka lililofungwa.
Mtini mchanga umeota kwenye ufa, umeshika ukuta kwa kucha.

Hapo ndipo nikasimama.

Tenywa akaja na kundi lake la wageni, kofia ishirini.
Anawatajia mwaka, anawatajia tajiri,
anasema "waliojenga", akimaanisha waliolipa.
Si kosa lake, ndivyo karatasi yake ilivyoandikwa.
Mama mmoja akainua kamera,
akanipungia mkono: songa kidogo, tafadhali.
Nikasonga. Adabu haigharimu kitu.

Lakini nilikuwa nimekwisha kuona.
Pale saba inapokunja shingo kuna shimo,
la duara, la upana wa gumba.
Au la nyigu: kwa kuwa nyigu alitoka,
akaangalia barabara, akarudi ndani.

Nikamwuliza yule mama, saba imeingia kwenye picha?
Akatazama kioo, akakuza, akapunguza.
"Yote," akasema.

Nikanunua fenesi la mia tano, nikala nikitembea.
Utomvu ukaning'ang'ania gumba, haukubali maji wala suruali,
nami nikateremka kuelekea mtoni
nikigusa nguzo za vibaraza, moja, nyingine,
nikiruka ile iliyopakwa rangi asubuhi.